Shimo Haliwekwi Wakfu

Mwanangu Mishi,

Mimi babako nina miaka themanini, na ile sabini na sita iliyo kwenye kitambulisho ni ya karani aliyeniandika bila kuniuliza vizuri. Nimewazika wake wawili, wa pili akiwa mamako. Nimewazika ndugu zangu wote wa kiume, wakubwa na wadogo. Feri tulizokuwa tukivukia Likoni ujana wetu zimekwisha kuwa vyuma chakavu, na mimi bado napanda ngazi bila kushikwa mkono. Nimezika na visima vitatu nilivyochimba kwa mikono hii. Cha nne ndicho hiki kilicho chini ya dirisha lako, na ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Usishangae kuniona nimeandika. Chuoni kwa maalim nilifika juzuu ya tatu nikatoroka, hilo unalijua. Herufi hizi za kizungu nilizisoma mwenyewe kwenye mifuko ya saruji, ndiyo maana zangu zote ni kubwa kubwa kama matangazo. Lakini nani mwingine hapa Magogoni amejifunza kusoma huku amebeba mfuko begani? Ningeweza kungoja ufike nikupigie simu. Kwenye simu utaniambia "Sawa, Baba," na maneno yatakuwa yamekwisha. Na hiyo "Sawa, Baba" yako ndiyo iliyoninyima raha tangu jana.

Habari za chandarua, na pesa zikae mifuko miwili, na usile kwa watu usiowajua, hizo shangazi zako wamekwisha kukutia masikioni mpaka zimejaa. Mimi nina jambo moja.

Jana tulipokuwa tukila muhogo ulinieleza kazi unayoendea huko Tana. Ulisema mto ulifurika ukakichukua kijiji, na watu wakakimbilia kwenye mwinuko karibu na lami, wakapiga mahema hapo, na mpaka leo wapo hapo. Wako wanaosema maji yakikauka watarudi kwenye mashamba yao ya mahindi na ndizi. Wako wanaosema kule chini hawarudi tena hata wakipewa dhahabu. Na ofisi yenu ina pesa za kisima kimoja, na pampu yake, na tangi lake, na inataka wewe uonyeshe mahali kabla ya mvua. Ukaniuliza, "Baba, nikiweke walipo leo, au watakapokuwa kesho?"

Mimi nilikuwa na muhogo mdomoni. Sikuungoja hata ushuke. Nikakujibu, "Maji hufuata watu. Chimba walipo. Babako amechimba visima tangu wewe hujatungwa mimba, na hakuna aliyewahi kumwambia amekosea." Na kwa kuwa uliendelea kunitazama, nikaongeza la pili ili nionekane mjuzi zaidi: "Na mwambie mzee wa msikiti wao akiweke wakfu siku hiyo hiyo, wasije wakakigombania."

Ukasema, "Sawa, Baba." Ukaondoa sahani.

Mishi, wewe tangu ulipojua kusema hujanikubalia jambo. Ulikuwa huna hata magego, ukanibishia namna ya kufunga ndoo, nawe ndiye uliyekuwa na haki, ingawa sikukwambia. Ulinibishia juu ya shule, juu ya mchumba, juu ya dawa ya presha. Nimezoea ubishi wako kama nilivyozoea ukuta wa nyumba hii. Naegemea huko bila kutazama. Jana niliegemea, ukuta haukuwepo. Nikaona kwamba umechoka, au umeogopa, na kwamba neno nililolitema pamoja na nyuzi za muhogo unaondoka nalo ukawawekee watu maisha yao juu yake.

Nimewahi kuteremka shimo ambalo kuta zake zilikuwa zinachuruzika mchanga, na kamba yenyewe imeliwa na panya. Sikuogopa kama nilivyoogopa jana ulipoondoa sahani.

Basi nataka nikurudishie ubishi wako. Nitakwambia visima vyangu vilivyokwenda, safari hii bila kuvipamba kama ninavyovipamba mbele ya wageni.

Cha kwanza nilikichimba Mkomani, kwa bwana mmoja mwenye shamba la minazi. Maji yake yalikuwa matamu, wanawake wakiyafuata kutoka mbali. Nilidhani minazi ile itasimama daima. Leo pale pana ghorofa, na kisima kiko chini ya saruji, na juu yake hulala gari la mtu asiyejua amelilaza juu ya nini. Unakumbuka nilikupeleka kukuonyesha, mlinzi akaja na rungu? Nikamwambia, "Kijana, mimi ndiye niliyepatoboa hapa." Akasema, "Haya mzee, toboa kwingine." Ulicheka mpaka tulipofika nyumbani, mimi nikakununia. Nilinuna kwa sababu alisema kweli.

Cha pili kilikuwa Miritini, kando ya barabara, kwa ajili ya akina mama waliokuwa wakiwapikia madereva wa malori. Hapo nilijiona mjanja. Kabla ya kuchimba nilikwenda kukaa pale siku nyingi nikitazama malori yanasimama wapi, na watu wanapita wapi, na kivuli kinaangukia wapi. Nikahesabu kila kitu kasoro reli. Reli ilipokuja barabara iligeuzwa, malori yakapata mahali pengine pa kulala, na akina mama wakahama asubuhi moja, kila mtu na sufuria zake kichwani. Kisima hakijitwiki kichwani. Kilibaki pale na maji yake safi, hakuna wa kuyateka, mpaka mtu akakijaza kifusi.

Cha Likoni kilitiwa chumvi na jirani. Aliweka mashine ya kuvuta maji, ikanguruma mchana kutwa, na bahari ikaingia chini kwa chini. Nilikwenda kumgombeza. Akaniuliza, "Mzee Bakari, maji ya chini yana ukuta?" Nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimechagua mahali pazuri kabisa kwa mtu atakayekaa peke yake duniani.

Hivyo vitatu viliniuma, lakini nililala usingizi wangu. Shimo limekufa, unachimba jingine. Mimi nilikuwa na nguvu, na kazi ilikuwapo. Hiki cha nyumbani ndicho ambacho hakikunipa ruhusa ya kuchimba kingine.

Nyanyako Mwanamkasi, mamangu mimi, macho yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akilala chumba hicho hicho chako, kitanda pale pale. Siku moja aliniita, nikaitika naam, nikakaa miguuni pake. Akasema, "Bakari, watu wote umewachimbia. Mimi nichimbie cha wakfu, nipate thawabu yake nikiwa kaburini. Na kiwe karibu. Nikisikia roda inalia nitajua kuna mtu amekuja."

Roda ile ile, Mishi, lile gurudumu la chuma linalopitishia kamba, ambalo kila mwaka umeniomba nilitie grisi na kila mwaka nimekataa. Sasa unajua kwa nini nilikataa. Nyanyako alitaka lilie.

Basi nikachimba chini ya dirisha lake. Palikuwa ndipo mahali pa chini kabisa pa kiwanja chetu. Kwa mchimbaji hilo ni raha tupu, maji hayako mbali. Nilikuwa na mwenzangu, marehemu Charo, aliyekuwa akivuta ndoo za kifusi huku mimi niko chini. Siku ya pili aliacha kuvuta, akasimama anatazama juu kwenye ile sehemu yetu ya mawe.

"Bakari," akaniita, "huko juu kukijengwa, vyoo vitachimbwa wapi?"

Nikamwambia kutoka shimoni, "Kule ni jabali tupu. Nani atajenga pale, mbuzi?"

"Binadamu ana shida kuliko mbuzi."

"Vuta ndoo, Charo. Wewe umeajiriwa mikono."

Akavuta. Tulikuwa wawili peke yetu tunaojua jiwe la pwani lilivyo. Kwa nje gumu, ndani lina mapango na mirija kama mkate wa mofa ulioumuka. Ukimwaga maji huku, yanatokea kule. Mimi nilijua kuliko yeye. Ndio ujuzi wenyewe ninaojisifia misibani na arusini. Lakini nilikuwa natazama kiwanja kilivyokuwa asubuhi ile: nyumba moja, kipofu mmoja, mbuzi wanne, na mawe. Nikakichimba kwa ajili ya asubuhi ile.

Maji yalipopatikana tulisoma Fatiha, tukachinja, na maalim akashuhudia: kisima hiki ni wakfu wa Mwanamkasi, maji yake ni ya kila mwenye kiu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakihamishwi. Nilijisikia mrefu siku ile. Nyanyako alikuwa dirishani, roda ikilia, akitaja majina ya watu kwa jinsi walivyovuta kamba. "Huyu ni Fatuma, ana haraka. Huyu ni mtoto." Alifurahi karibu miaka miwili, kisha Mungu akamchukua.

Na lile jabali? Nililiuza mwenyewe. Nililiuza nikicheka, kwa mtu niliyemwona mjinga kununua mawe. Yule mjinga akaleta vibarua, akajenga vyumba vya kupangisha, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wakaja, wa godauni, wa viwandani, wa bandarini, wengine kutoka Kitui, wengine kutoka Kisii, kila chumba na watoto. Nikasema, hawa ni wapangaji, wapangaji huhama. Waliohama ni watoto wa mtaa, Mishi. Kakako yuko Dubai, binamu zako Nairobi, na wewe kesho Tana. Wapangaji wapo. Ndio wanaotuzika sasa. Na vyoo vyao viko juu, na kisima chao kiko chini, na katikati kuna lile jiwe la mirija.

Ule mwaka wa mvua kubwa ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka. Kipindupindu kilipita kwenye vile vyumba kama mtu anayebisha mlango kwa mlango. Na wewe kilikupata. Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani, ulikuwa mwepesi hata nikadhani nimebeba nguo zako tu. Wewe ulirudi. Mtoto wa Mama Mutindi, yule mdogo wake Mutindi aliyekuwa akikufuata nyuma ukienda chuoni, hakurudi.

Hakuna aliyesema ni kisima. Hakuna aliyepima. Palikuwa na mafuriko kila mahali, na vyakula vya njiani, na mfereji wa barabarani uliopasuka. Mimi mwenyewe niliwaambia watu ni mafuriko, nikasema kwa sauti kubwa, na watu wakanikubali kwa sababu walikuwa wanakunywa bure. Ilipopita arobaini nilimwona Mama Mutindi anakuja na mtungi wake kuteka. Nikamwendea. Sikuwa nimejipanga cha kusema. Nikasema, "Mama, labda ungepumzika kidogo na haya maji." Akanitazama.

"Mzee, nikisusa maji yako nitakunywa ya nani?"

Akateka, akaenda zake.

Ndipo nilipoweka kile kifuniko na kufuli. Wewe umenijua siku zote nikiwa na ufunguo shingoni, na watoto wakinitania kwamba mzee analinda maji kama benki. Sasa nitakwambia kitu ambacho nadhani umekiona bila kukielewa. Kila siku baada ya alfajiri nafungua, nateka, nakunywa kata nzima, nafunga tena. Kisha nakaa barazani. Jua likifika kwenye ngazi ya pili na mimi bado mzima, nafungua kwa watu. Mama Mutindi huja mapema kuliko wote. Husimama kwenye ua na mtungi mtupu, ananitazama nikinywa. Kisha ananitazama nikikaa. Akinisalimu na mimi nikaitika kwa sauti nzima, anauweka mtungi chini angoje jua. Miaka yote hiyo, mimi na yeye hatujawahi kulizungumza.

Ulipokuwa chuo kikuu ulinijia ukaniambia ugonjwa ule haujitokezi saa hiyo hiyo, huchukua siku, na kwamba ulimi wa mzee si kipimo. Ulisema kwa upole. Nikakujibu kwa ukali, nikasema niliuonja mto kabla babu zako hawajavaa viatu, upuuzi kama huo. Lakini nilisikia. Nilijua hata kabla hujasoma. Mtu hanywi kila asubuhi kwa sababu ana hakika. Nilikunywa kwa sababu kisima hakihamishwi, na mimi ndiye niliyekifunga pale kwa kiapo, na sikuona kitu kingine ninachoweza kukitanguliza isipokuwa tumbo langu.

Na sasa nakuuliza: wewe huko Tana utakunywa asubuhi ngapi? Mkataba wako ukiisha utaondoka, na shimo litabaki. Watu wakirudi kwenye mashamba yao, watoto watavuka ile lami na mitungi kwenda kulifuata juu. Wakibaki pale juu na kuongezeka, watachimba vyoo palipo rahisi kuchimba, karibu na njia ya maji, kama sisi. Na wewe utakuwa mbali, umekaa ofisini, ukisikia kuna ugonjwa huko, hujui ni kisima chako au si chako. Hilo la kutojua ndilo ninalokuogopea. Mimi limenikausha, nami nilikuwa mti mgumu.

Kwa hiyo lile jibu la jana lifute. Sijui ukiweke wapi, Mishi. Hili neno "sijui" nimeliandika mara mbili kwenye karatasi nyingine kabla ya hii, kuona linakaaje kwa mwandiko wangu.

Najua vitu vidogo tu vinavyozunguka pembeni yake. Ukifika, usitazame kwanza palipo na maji. Panda juu ya mahali hapo, ugeuke, ufikirie kwamba waliopo wamekuwa mara tatu, na kila nyumba ina choo, halafu utazame upya. Kila mtu atakuonyesha walipo wenyeji. Uliza hasa kuhusu wale wanaoitwa wa kupita, kina mama walioolewa hapo juzi, wachungaji wa mifugo, walinzi, hao ndio watakaokuwepo. Na wakubwa wako wakikuharakisha, omba wakupe kazi kwa nusu. Tangi la plastiki juu ya vigogo, na bomba linalofunguka, liwekwe pale kwenye mwinuko walipo sasa, na lori lilijaze hata kwa taabu. Mabomba mengine usiyamalize, na kisima chenyewe kingoje. Mvua moja ikipita utaona miguu yao imeelekea wapi. Watakuambia unachelewesha. Nami mtu akinichelewesha humtukana, lakini natamani Charo angenichelewesha hata wiki moja, angekataa kuvuta ile ndoo.

Liko na lile la wakfu, ambalo ndilo baya zaidi katika yote niliyokwambia jana. Wazee wa kule watalitaka tu, hata usipowataja. Watu waliopoteza kijiji wanataka kitu ambacho hakiondoki. Ukiwakatalia watasema msichana wa ofisini hana dini. Leo alasiri nilikwenda msikitini nikamwuliza maalim wetu, huyu kijana mliyesoma naye, "Kitu kinachohamishika huwekwa wakfu?"

Akashangaa. "Mzee Bakari, hiyo misahafu unayosomea ni wakfu, na mikeka unayosalia ni wakfu. Si tunaibeba kila Idi kwenda uwanjani?" Kisha akacheka, akasema, "Na jeneza. Jeneza ni wakfu, na hakuna kinachotembea mtaani kama hilo."

Nilikaa pale mpaka magharibi ikakaribia. Miaka yote hiyo nimepita mbele ya lile jeneza, nimelibeba mara ngapi, na sikuliona. Basi waambie wazee wako waweke wakfu pampu na tangi. Ziandikwe majina ya marehemu wao, zisomewe Fatiha, zisiuzwe wala kurithiwa. Shimo waliache liwe shimo. Watu wakihama, wahame na wakfu wao.

Na nilipokuwa nimekaa pale nikamkumbuka nyanyako, maneno yake hasa, si yale ninayowasimulia wageni. Hakuniambia nimchimbie mahali pa chini. Wala hakuapa kwamba kisihamishwe, hayo ya kiapo yalikuwa yangu na maalim wa zamani, tulitaka shughuli iwe kubwa. Yeye alitaka kusikia roda, ajue mtu amekuja.

Niliporudi wewe ulikuwa kwa shangazi zako unaaga. Nikaweka ngazi kisimani. Mama Mutindi alikuwa anaanua nguo, akaona, akaja mbio akaishika ngazi chini. "Mzee, unataka kufia juu?" Nikamwambia ashike vizuri, aache maneno. Ile roda ilikuwa imeng'ang'ania pale ilipofungwa, kutu tupu, nikaipiga na nyundo, akanipokelea. Nzito bado. Akaigeuza geuza mkononi, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu msikitini.

"Sasa tutateka wapi?"

Nikamwambia watu wa maji ya mfereji, haya ya bomba, nitawaita wiki hii. Ndiyo, mimi, niliyewafukuza mara mbili kwa ajili ya kisima cha mamangu. Niliuza lile jabali, lakini nilibakiza ukanda wa kupita, na bomba litapita hapo. Nikamwambia, "Mahali pa kusimama mfereji utachagua wewe na wenzako wa vyumbani. Mimi sichagui tena." Nilidhani atafurahi. Akatazama mistari ya vyumba, akatazama vyoo, akatazama njia ya watoto wa shule. Uso wake ukabadilika, nikaujua ule uso, maana ndio nilio nao mimi tangu jana.

"Mzee, nipe kwanza nifikirie," akasema. "Si jambo la leo."

Sijamwona mtu mwerevu kama yule Magogoni yote, na mimi nimo.

Kisima sasa kimefunikwa. Maji yake yatafaa kufulia na kumwagilia, nikipata njia ya kuyateka ambayo haimpi mtoto tamaa ya kunywa. Kama nimemkosea nyanyako nitamjibu mwenyewe, siku si nyingi.

Roda nimeifunga kwenye leso ya mamako, iko chini kabisa ya begi lako, usidhani shangazi zako wamekutilia mawe. Najua pampu yako haina haja nayo. Lakini mkiwa mnangoja mvua iseme, watu wa kule wanajua kuchimba visima vifupi vya muda, vya mikono. Itundike kwenye kimoja. Usiitie grisi. Kisima kile kikihamishwa, ihame nacho, na wakikuuliza ni ya nani, waambie ni wakfu wa Mwanamkasi wa Magogoni, amekuja kutembea.

Ukinipigia simu, nibishie. Hata kama nina haki, nibishie kidogo nijue uko mzima.

Na ikiwa kuna neno humu unaloliona limezidi, kwa kuwa unajua babako anavyojipamba, usiwaulize shangazi zako, wao watanitetea. Muulize Mama Mutindi. Yeye aliishika ngazi. Yeye alisimama kwenye ua asubuhi zote zile na mtungi mtupu, na akikwambia nilikunywa, nilikunywa. Muulize pia kama alikuwa akiniombea nisianguke, au alikuwa anangoja kuona. Mimi sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Babako,
Bakari